Kisima cha Msange na Chuo Kilichopandishwa Hadhi

Nchi yenyewe sitaitaja. Kuitaja kwa maandishi kunahitaji kibali, na ofisi inayotoa vibali imefungwa ikisubiri kibali cha kufunguliwa. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri, ina wimbo, ina bendera, ina mawaziri sabini na wawili, na upande wake wa magharibi, mahali ambapo barabara ya lami hukatika ghafla kana kwamba mjenzi aliitwa chakula akasahau kurudi, ipo tarafa ya Msange. Mimi naitwa Filimoni. Nilikuwa karani wa chuo cha wananchi cha hapo kwa miaka kumi na tisa, na haya niliyaona mwenyewe.

Zamani Msange ilikuwa na kiwanda cha kuchambua pamba. Serikali ilikifunga ili kukiboresha, na hadi leo kinaboreshwa. Mabati yake yalichukuliwa kwenda kuboreshewa mahali pengine, na majani yameota juu ya mashine. Wanaume wengi walikwenda kutafuta vibarua migodini wakaahidi kurudi baada ya mavuno. Hawakusema mavuno ya mwaka gani. Waliobaki ni wanawake, wazee, watoto, na sisi watumishi wa umma ambao barua zetu za kuomba uhamisho zilikuwa bado zinashughulikiwa.

Chuo kilikuwa ndani ya ghala la zamani la pamba. Kilikuwa na karakana moja, darasa moja la kusoma na kuandika, cherehani sita, na Mwalimu Stamili Ngole, ambaye ndiye alikuwa mkuu wa chuo, mwalimu wa ufundi na, mvua ikinyesha, fundi wa paa. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu, mkimya, mwenye makovu mikononi na cheti cha ufundi cha daraja la tatu. Alifundisha jambo moja kwa moyo wake wote: kutengeneza pampu za mkono za visima. Tarafa nzima ilikuwa na visima tisa, na wanafunzi wake, ambao karibu wote walikuwa akina mama, walikuwa wakivizungukia kwa zamu. Visima vyote tisa vilitoa maji. Sisi tuliona ni kitu cha kawaida. Hatukujua kwamba ni kosa la kitakwimu.

Mwanafunzi mkubwa kuliko wote alikuwa Bibi Nyasatu, mwenye miaka sitini na mbili, aliyekuwa akiishi na mjukuu wake Kabula, mtoto wa miaka minne. Siku alipokuja kujiandikisha nilimwuliza anataka kusoma nini.

"Nataka kusoma namba za spana," alisema. "Mwalimu akisema kumi na saba, nisimletee kumi na tisa."

Nikamwandika. Baada ya miezi mitano alikuwa anafungua pampu nzima na kuifunga, na Kabula ameketi juu ya boksi la spana akizitaja namba kwa sauti kabla bibi yake hajazisoma.

*

Ndipo Wizara ya Elimu na Hadhi ilipofanya utafiti kuhusu chanzo cha umaskini wa Msange. Watafiti walikaa makao makuu miezi minane wakiifikiria Msange kwa bidii. Waligundua kwamba katika mji mkuu kuna watu wengi wenye shahada, na majumbani mwao maji hutoka bombani. Msange hakuna hata mtu mmoja mwenye shahada, na maji hayatoki bombani. Hitimisho likawa wazi kwa kila mtu: shahada ndizo huleta maji.

Waziri, Mheshimiwa Ladislaus Kabwogi, alikuja yeye mwenyewe kututangazia. Alikuja na magari kumi na manne, na hema lenye viyoyozi, na kikundi cha ngoma kutoka mji mkuu, maana ngoma yetu haikuwa imehakikiwa.

"Ndugu zangu wa Msange," alisema, "mmedharauliwa vya kutosha. Watoto wa wakubwa wanasoma vyuo vikuu, ninyi mnafundishwa kushika spana. Nani aliwaambia kwamba mkono wa mtu wa Msange umeumbwa kwa ajili ya grisi? Kuanzia saa saba na nusu mchana huu, chuo hiki ni Chuo Kikuu cha Sayansi za Maendeleo. Na ninyi wanafunzi, mlioingia hapa asubuhi mkiwa mafundi, mtatoka jioni mkiwa wanazuoni wa mwaka wa tatu."

Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, na nikiri kwamba nilijisikia vizuri. Bibi Nyasatu alivalishwa joho jeusi lililomfika kwenye vidole vya miguu, akaambiwa sasa anasomea Shahada ya Falsafa ya Maji.

"Hiyo inafunguliwa kwa spana namba ngapi?" alimwuliza Mwalimu Stamili.

Mwalimu alikuwa anawatazama vijana wa wizara wakitoa vifaa vya karakana nje.

*

Chuo kikuu lazima kiwe na profesa, kwa hiyo tuliletewa mmoja. Profesa Ansgari Mbiyu alikuwa mtu mpole, aliyekuwa ameandika kitabu kinene kuhusu vijiji bila kupoteza muda wa kuvitembelea. Alikuta karakana, akasema chuo kikuu hakiwezi kuwa na karakana lakini hakiwezi kukosa Ukumbi wa Seneti. Basi karakana ikawa Ukumbi wa Seneti. Spana, minyororo, vyuma vya kunyanyulia mabomba, na ringi za ngozi ambazo hukaa ndani ya pampu na kuvuta maji, vyote vikafungiwa stoo vikisubiri tume ya kutathmini mali za kihistoria. Ufunguo wa stoo nilikabidhiwa mimi, pamoja na fomu. Stoo isifunguliwe bila fomu, na fomu isikubaliwe bila saini ya profesa.

Swali lililobaki lilikuwa la Mwalimu Stamili. Sheria ya vyuo vikuu inasema asiye na shahada hawezi kufundisha mwenye shahada au anayeisomea. Lakini Profesa hakuwa mtu katili. Alimtafutia nafasi ya mhudumu wa ofisi, akawa anampelekea chai saa nne na saa kumi. Mwalimu aliipeleka chai ile kila siku. Siku moja nilimwuliza kama haumii.

"Filimoni," alisema, "kisima cha Ng'wale kimeanza kutoa sauti. Kile kinachoniuma ni sauti ile."

Kisima cha Ng'wale kilikufa wiki mbili baadaye. Kikafuata cha Ilumba, kisha vya mtoni viwili kwa mpigo. Pampu ya kisima ni kitu kidogo. Ringi ya ngozi ikilika, unaibadilisha kwa nusu siku, maji yanarudi. Usipoibadilisha, unapampu hewa. Kufikia mwezi wa tisa kilikuwa kimebaki kisima kimoja tu, cha Msange penyewe, hatua mia mbili kutoka Ukumbi wa Seneti. Jumatatu moja asubuhi akina mama walishika mpini, wakapampu mpaka jasho likawatoka, na bomba likakohoa tu.

Profesa alifurahi sana. Aliniita ofisini akaniambia niandike barua: Chuo Kikuu kimepata mradi wake wa kwanza wa utafiti. Mradi huo ulipewa jina la "Mtazamo wa Jamii Kuhusu Kisima Kisichotoa Maji". Kisima kikazungushiwa utepe wa njano, na kibao kikawekwa: MALI YA UTAFITI, USIGUSE.

Watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na dodoso la maswali mia mbili na kumi na manne. Swali la thelathini na saba lilikuwa: "Je, kwa maoni yako, kiu ni changamoto au ni fursa?" Kwa Bibi Nyasatu hawakumkuta. Walimkuta Kabula mlangoni, wakamwuliza bibi yako yuko wapi.

"Amekwenda lamboni," alisema mtoto.

Lambo ni bwawa la kunyweshea ng'ombe. Wakati huo wa kiangazi lilikuwa limebaki tope la kijani lenye alama za kwato za ng'ombe kila mahali. Watu walikuwa wakiyachota yale maji kwa vikombe na kuyachuja kwa kanga. Mtafiti aliandika: *Jamii ina vyanzo mbadala.*

*

Ugonjwa ulianza siku ya kumi. Mganga wa zahanati alilijua jina lake, sote tulilijua, ila jina hilo lilikuwa limeshatangazwa na serikali kuwa limekwisha nchini, na mtu hawezi kuugua kitu kilichokwisha. Mganga akaelekezwa aandike "kuhara kwa muda". Kwa watoto saba kulikuwa kwa muda kweli. Kuliisha walipokufa.

Kabla hawajafika saba, Alhamisi asubuhi, Bibi Nyasatu alikuja ofisini kwangu. Alikuwa amevaa joho lake, kwa sababu bila joho mwanachuo haruhusiwi kuingia jengo la utawala.

"Karani, naomba ufunguo wa stoo," alisema. "Nataka spana ya kumi na saba, ya kumi na tisa, mnyororo, na ringi moja. Saa tisa nakurudishia."

"Bibi, inatakiwa fomu."

"Nipe hiyo fomu."

Nikampa. Aliijaza taratibu, herufi moja moja, mkono haukuwa mwepesi wa kalamu. Alipomaliza nikamwonyesha nafasi ya saini ya Profesa.

"Yuko wapi?"

"Amekwenda mji mkuu, kwenye kongamano."

"Linahusu nini?"

"Kisima."

Aliiweka kalamu mezani. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Filimoni, Kabula anatapika tangu jana. Nimempa maji ya chumvi na sukari. Maji yenyewe nimeyatoa lamboni. Unaelewa nilichokwambia?"

Nilielewa. Ufunguo ulikuwa kwenye droo, mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya droo. Nilimwambia kwamba Profesa atarudi Jumapili. Aliikunja fomu, akaiweka kifuani, akaondoka akiwa ameshika pindo za joho zisiburute vumbi.

Kabula alikufa Jumamosi asubuhi.

Sikwenda mazishini. Nilikuwa na kazi ya kupanga majalada, nikayapanga kwa alfabeti, nikayavuruga, nikayapanga tena. Mchana nikasikia hodi. Alikuwa Mwalimu Stamili, na udongo mwekundu wa makaburini ulikuwa bado kwenye viatu vyake. Hakuleta fomu. Alisimama tu mlangoni.

Nilifungua droo nikampa ufunguo.

Saa nane mchana, jua likiwa kali na kila mtu akiwaona, Mwalimu Stamili na Bibi Nyasatu walikata utepe wa njano. Akina mama sita wakaja kusaidia kunyanyua mabomba. Walifanya kazi bila kuongea, kwa sababu mmoja wao alikuwa ametoka kuzika siku hiyo na wawili wengine wiki ile. Saa kumi na moja maji yalitoka, kwanza ya kutu, kisha meupe. Bibi Nyasatu alijaza ndoo moja, akaiweka kichwani, akaenda nayo mpaka makaburini, akayamwaga maji juu ya kaburi la Kabula. Ndoo ya pili ndiyo aliyokunywa.

*

Profesa aliporudi Jumapili alikuta kisima kinatoa maji, akashika kichwa. Wiki mbili za utafiti zilikuwa zimeharibiwa kabisa. Utauliza vipi mtazamo wa jamii kuhusu kisima kisichotoa maji, wakati kinatoa?

Seneti ilikutana kama Kamati ya Nidhamu. Mimi niliandika kumbukumbu. Wajumbe walikuwa na majoho na kofia, na jasho lilikuwa likiwatiririka mpaka kwenye karatasi.

"Unakiri uliingilia sampuli?" Profesa aliuliza.

"Nilitengeneza pampu," Mwalimu Stamili alijibu.

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

"Mabomba yale yana uzito wa kilo mia na hamsini."

"Nilikuwa peke yangu."

"Na stoo uliingiaje?"

Hakuniangalia. "Kufuli nilivunja mimi."

Kufuli lenyewe lilikuwa mezani kama kielelezo, zima, na ufunguo ukining'inia. Wajumbe kumi na mmoja walilitazama. Nikaandika: *Kufuli lilivunjwa.*

Suala likapelekwa mahakama ya wilaya, Mwalimu akafungwa miaka miwili kwa kosa la kuhujumu elimu ya juu.

Lakini bado kisima kilikuwa kinatoa maji, na wafadhili wa utafiti walikuwa wanakuja kukagua. Seneti ikapitisha azimio kwamba kirudishwe katika hali yake ya awali ya ubovu. Wajumbe walikizunguka siku mbili. Mmoja alikipiga teke. Mwingine, mwenye shahada ya uzamivu, alipendekeza watu wapampu mfululizo mpaka kichoke. Hatimaye ikaonekana kwamba katika chuo kikuu kizima hakuna anayejua kukiharibu kitaalamu, ikabidi waombe gereza liwaazime mfungwa.

Mwalimu Stamili aliletwa akiwa na pingu na askari wawili. Alikuwa amepungua sana. Profesa alimweleza kazi, naye akasikiliza mpaka mwisho.

"Peke yangu siwezi," alisema. "Nahitaji watu."

"Mara ya kwanza ulisema ulikuwa peke yako."

"Sasa nimedhoofu, Profesa. Niitie akina mama. Kadiri watakavyokuwa wengi ndivyo tutakavyowahi."

Wakaitwa akina mama wote waliokuwa na nguvu. Walikuja arobaini na mmoja, Bibi Nyasatu akiwa mbele. Mwalimu akafunguliwa pingu, akashika spana, akaanza kuibomoa pampu polepole kuliko nilivyowahi kumwona akifanya kazi. Kila alichokigusa alikitaja. Hii ni namba kumi na saba, shikeni wote muione. Nati hii hufunguka kuelekea kushoto. Ikigoma, tia mafuta ya kupikia, usiipige. Bomba likitoka, mmoja akabe kwa mnyororo, la sivyo mengine yanadondokea chini na kisima kimekwisha. Ringi hii hapa. Ngozi ya ng'ombe, ya mgongoni, lowesha kwenye mafuta siku tatu, kata kwa kipimo cha kifuniko hiki. Rudia, Kashindye. Rudieni wote.

Walirudia. Askari mmoja naye alirudia, akiwa ameshikilia bomba. Profesa alisimama kivulini akiandika kwenye daftari lake kwamba wenyeji huimba wanapofanya kazi.

Jua lilipoinama kisima kilikuwa kibovu kabisa, kwa kiwango cha kuridhisha. Mwalimu alinyoosha mikono, akafungwa pingu. Bibi Nyasatu alimfuta grisi usoni kwa kanga, akamwambia kitu sikioni ambacho sikukisikia, na gari likaondoka naye.

Lile kufuli lililovunjwa likarudi mlangoni pa stoo. Ufunguo nikaripoti kwamba haujulikani uliko.

*

Tangu wakati huo Msange ina kisima ambacho hakitoi maji. Taarifa tano za utafiti zimethibitisha hivyo. Gari la chuo kikuu likionekana likitimua vumbi kule mteremkoni, akina mama huiacha mihogo yao, wanakwenda kisimani, na ndani ya muda wa kusonga ugali pampu imefunguliwa, ringi imetolewa, mpini unacheza ovyo. Gari likiondoka wanaifunga. Vile visima vingine vinane navyo ni vibovu kwa namna hiyo hiyo. Watoto wa Msange siku hizi hawahari hata kwa muda, jambo ambalo watafiti wamelieleza kuwa ni matunda ya shahada.

Mwalimu Stamili hakumaliza kifungo chake. Alifariki gerezani mwezi wa kumi na nne wa kifungo. Gereza lile halina maji. Wafungwa huchota mtoni, chini ya machinjio. Kwenye cheti chake cha kifo waliandika kuhara kwa muda.

Habari hizo zilifika wizarani wakati wanapanga mahafali ya kwanza, na mtu mmoja mwenye huruma akashauri kwamba chuo kikuu kimtambue mwasisi wake. Basi Mheshimiwa Waziri alikuja tena, na hema, na ngoma iliyohakikiwa. Sherehe ilifanyika kisimani, ili wapiga picha wapate mandhari. Akina mama walikuwa wameifungua pampu tangu alfajiri, na kwa kuwa Waziri alichelewa kwa saa tano, walikaa juani saa zile zote, watoto mgongoni, ndoo tupu zikiwa zimepangwa nyuma ya hema.

Waziri alizungumza kwa muda mrefu. Alisema marehemu alikuwa nguzo. Alisema kama angekuwa hai leo angejionea matunda. Kisha akatangaza kwamba Stamili Ngole, baada ya kufariki, ametunukiwa Shahada ya Heshima ya Uzamivu katika Falsafa ya Maji, na kuanzia sasa ana sifa zote za kufundisha katika chuo hiki.

Bibi Nyasatu aliitwa kuipokea kwa niaba ya familia, kwa kuwa Mwalimu hakuwa na ndugu aliyejitokeza. Alitembea mpaka mbele akiwa amevaa kanga. Aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaitazama. Sasa alikuwa anasoma vizuri. Aliisoma yote, mpaka jina la mchapaji pale chini, na watu wote wakasubiri.

Waziri alimsogezea kipaza sauti, akitabasamu. "Bibi, una neno kwa serikali?"

"Mheshimiwa, umemaliza?"

"Nimemaliza, Bibi yangu."

"Basi tunaomba mtupishe," alisema Bibi Nyasatu. "Tuna kiu."